Meneja wa Nani?

Mwaka jana nilipandishwa cheo. Mshahara uliongezwa elfu mbili, na kwenye kadi pakaandikwa "Meneja wa Mahusiano". Nyumbani Ruring'u, mum aliita majirani, kuku akachinjwa. Ofisi yenyewe, ya mikopo midogo, ina watu watano. Nilikuwa meneja wa simu mbili na kitabu cha madeni.

Kilichobadilika hasa ni saa. Kuingia saa moja asubuhi, kutoka saa mbili usiku, siku sita. Ukiondoa saa ya chakula, ni saa 72 kwa wiki. Nilipouliza ovataimu, bosi alicheka: "Meneja halipwi ovataimu." Mama anayetufagilia hulipwa akichelewa. Siku moja aliniuliza, "Sasa kati yetu mkubwa ni nani?" Sikuwa na jibu.

Agizo la Jumla la Mishahara nchini linaweka wiki ya kazi isiyozidi saa 52. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Na Katiba, Kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo yanayostahili. Kila. Marekani, sheria ya 1938 inawaacha nje mameneja, ila kanuni zake ziko wazi: jina la cheo pekee halitoshi, tazama kazi anayofanya mtu.

Hapo naona mantiki. Yupo mtu asiyehitaji kuhesabiwa saa: anapanga siku yake, na akisema anaenda hakuna wa kumzuia. Uhuru ndio ovataimu yake. Mimi naomba ruhusa hata kupeleka mtoto kliniki. Nilipewa jina la uhuru, uhuru wenyewe ukabaki kwa bosi.

Lakini nisijifanye malaika. Jina nililipenda. Lilinifaa kanisani, lilinifaa kwa wakwe. Je, mtu aliyekubali mwenyewe ameibiwa kweli? Nilikuwa nasema hapana, hadi juzi bosi aliponipa barua nimpelekee msichana mgeni wa ofisi. Kuanzia Jumatatu, yeye ni "Meneja Msaidizi".

Barua iko kwa begi siku ya tatu sasa. Nikimpa, atampigia mamake, kuku mwingine achinjwe. Nikimwonya, atadhani ni wivu.

Kesho nitampa. Ila kabla hajatia sahihi, nitamwonyesha daftari ninamoandika saa zangu.