Ni Nani Alipaye Kosa la Mwanagenzi?

Katika mikutano ya walimu haipiti saa moja kabla msemaji hajasimama na kutukumbusha kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sote huitikia kwa vichwa. Methali ni njema, wala hatukusudii kuibishia. Twapenda tu kuuliza jambo ambalo methali imelinyamazia. Asali hurinwa, na anayejifunza kurina huamsha nyuki. Je, nyuki hao humwuma nani: yeye mwenyewe, au jirani aliyejiketia barazani kwake?

Swali hili si la mzaha. Kujifunza kwa vitendo, ambako siku hizi kunasifiwa katika kila mtaala, kuna tabia moja isiyoondoleka, nayo ni kwamba mkono haujui mpaka umekosea. Mwenye kusoma habari za useremala akikosea, kosa lake hubaki daftarini na kupigwa mstari wa wino mwekundu. Mwenye kujifunza useremala wenyewe akikosea, ubao umekwisha katika. Kosa la mkono halina budi kuangukia kitu, au mtu. Basi kila mahali pafundishwapo kazi kwa vitendo pana gharama, na palipo na gharama pana mlipaji. Na kumchagua mlipaji huyo ni jambo la haki kabla halijawa jambo la ufundi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Hapa Uganda, katika nchi ya Buganda, wako mafundi wa lubugo, yaani nguo itokanayo na gome la mti uitwao mutuba. Kazi yao ni ya zamani sana, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa hazina za urithi usioshikika wa wanadamu. Gome huvuliwa wakati wa mvua. Kwanza fundi huparua ngozi ya nje, kisha hukata duara juu na duara chini, akapasua mstari mmoja wa kushuka, na kulibandua gome taratibu kwa kabari ya mgomba. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Mti ukitunzwa vema huweza kuvuliwa mara nyingi katika uhai wake. Gome lenyewe hupelekwa katika banda lisilo na kuta, kwani likiachwa juani mapema hukauka kabla ya kazi. Humo hupondwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mistari, kwanza ile ya mistari mipana, halafu ya wastani, na mwisho ya mistari midogo, hata gome likapanuka na kuwa laini. Baadaye huanikwa, likapata ile rangi yake ya udongo mwekundu.

Tuitazame kazi hiyo kwa jicho la mwalimu. Mwenye kuponda vibaya hutoboa nguo. Tundu hilo huzibwa kwa kiraka kikashonwa, na viraka vya namna hiyo twaviona hata katika nguo nzuri, maana mahali palipokuwa na tawi hapakosi tundu. Lakini mwenye kukata vibaya, akapitisha kisu ndani mno, huujeruhi mti wenyewe. Mti ule haukuomba kufundishiwa. Tena una mwenyewe, ambaye angeuvua tena msimu mwingine, na baada yake mwanawe. Kosa la nyundo hulipwa na mwanagenzi kwa jasho la kushona. Kosa la kisu hulipwa na mti, na watoto ambao hawajazaliwa. Mwenye busara hahitaji kuambiwa ni kipi kati ya viwili hivyo atakachomkabidhi mwanagenzi siku ya kwanza.

Wapo wenzetu wasemao kwamba mtoto atupwe majini, ataogelea. Wengine wamezama, nasi hatuhesabu ila walioibuka.

Historia ya udaktari inatuonyesha jinsi mlipaji anavyopatikana pale ambapo hakuna anayeuliza. Mwaka 1828, katika mji wa Edinburgh, iligunduliwa kwamba William Burke na William Hare walikuwa wamewaua watu 16 na kuiuza miili yao kwa Robert Knox, mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili, ambaye alihitaji maiti za kufundishia. Mwaka 1832 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuikomesha biashara hiyo. Na sheria iliruhusu nini? Kwamba miili isiyodaiwa na jamaa yaweza kukabidhiwa shule za udaktari. Na miili hiyo aghalabu ilitoka katika nyumba walimohifadhiwa mafukara. Mauaji yakakoma, lakini mlipaji hakubadilika. Alikuwa maskini kabla ya sheria, akawa maskini baada yake. Hatusemi kwamba madaktari wasingejifunza. Sote twaishi kwa ujuzi ule. Twasema deni lilikuwako, na aliyelilipa hakuulizwa.

Turudi shuleni. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake, wanafunzi washiriki katika kuamua mambo, na hali yao ya maisha itegemee mavuno yao. Yamkini wengi walisoma habari za shamba wakaruka habari za kuamua. Lakini hapo ndipo penye haki ya mpango ule: aliyeamua ndiye alimaye, na alimaye ndiye atakayekula au kukosa. Ukiliondoa lile la kuamua, jembe hubaki peke yake, na jembe peke yake ni adhabu. Wengi wa rika letu tulipimiwa ngwe ya kulima kwa kosa la kuchelewa. Hatukujifunza kilimo, tulijifunza kuchukia shamba.

Siku hizi tumeangukia upande wa pili. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza hapa nchini mwaka 2020, wanafunzi hutakiwa kufanya kazi za mradi, na wazo ni zuri. Lakini hutokea mzazi akaenda sokoni, akanunua kikapu kilichokwisha sukwa, mtoto akakileta, na mwalimu akatia alama. Gharama imelipwa kwa fedha taslimu, nao mkono wa mtoto umebaki safi na mjinga.

Hapa tumefika mahali panapotugusa sisi wenyewe, walimu wa Kiswahili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Walimu, hata hivyo, hawatoshi. Kwa hivyo yuko mwalimu wa hisabati anayeambiwa akifundishe Kiswahili, ilhali ndiyo kwanza anajifunza. Lugha hujifunzwa kwa kuisema, na hilo hakuna abishaye. Anayesema "kitabu yangu" sokoni hulipa mwenyewe: huchekwa, husahihishwa, na kesho yake husema "changu". Akilisema neno hilohilo mbele ya ubao, hachekwi na mtu. Watoto 60 huliandika na kulikariri, na atakayewapokea darasa la mbele atakuwa na kazi ya kung'oa, si ya kupanda. Soko ni nyundo; ubao ni kisu.

Je, asifundishe? Baadhi ya wenzetu wakali husema hivyo. Sisi hatuafikiani nao, kwa kuwa darasa lisilo na mwalimu nalo hulipa, tena zaidi. Twaona kwamba na afundishe, lakini wanafunzi wake waambiwe wazi kwamba naye anajifunza. Wengine huona kwamba kufanya hivyo ni kuvunja heshima ya ualimu. Lakini mwenye kulipa ana haki ya kujua analipia nini, na mtoto aliyeambiwa huwa macho: hufungua kamusi, huuliza, humsikiliza mwenye duka. Tena mwalimu huyo apewe soko lake. Kila likizo na akae mwezi mzima mahali ambapo Kiswahili ni chakula cha kila siku, iwe Tanga au Mombasa, akinunua, akiuliza njia, akitaniwa na watu wazima wenye lugha yao, hata makosa yake yakamwishia huko.

Wako watakaosema mwalimu ajilipie nauli, kwa kuwa ujuzi utakuwa wake. Wenye kusema hivyo hawajausoma mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Katika mkutano mkuu ujao tutaomba fungu la nauli liingizwe katika hesabu za chama, hata kama litawatosha walimu wanne tu. Twajua mtunza hazina atauliza fedha hizo zitatoka wapi, naye atakuwa na haki ya kuuliza. Tutamwomba tu, kabla hajafunga daftari lake, atuambie watoto wale 60 wamekwisha kutoa kiasi gani.