Mdai Akifa, Deni Hulipwa kwa Nani?

Conor O'Malley ana miaka 13, na mama yake anaugua saratani. Katika riwaya ya vijana ya A Monster Calls, iliyotoka mwaka 2011, zimwi humjia dirishani saa 6 na dakika 7 usiku. Linamsimulia hadithi tatu, kisha linamdai ya nne. Hiyo ya nne ni siri ya Conor mwenyewe: amechoka kungoja, na moyoni ametamani yaishe, ingawa anajua fika yataishaje. Patrick Ness aliiandika kutokana na wazo la Siobhan Dowd, mwandishi aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla hajalitimiza.

Conor ana bahati moja. Anaitamka siri yake mama angali hai, akawahi kumkumbatia hospitalini. Wengine hawawahi. Mtu akimkosea mwenzake, naye akafa kabla hajaombwa radhi, msamaha utapatikana wapi?

Dini zimelihangaikia swali hili. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari inamhimiza aliyemdhulumu nduguye amwombe radhi leo, kabla ya siku ambayo dinari na dirhamu hazitafaa. Mazikoni kwetu jamaa hutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Lakini hapo anayedaiwa ni maiti. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alilitazama deni upande wa pili: aliyemkosea marehemu awachukue watu kumi, wasimame kaburini, akiri mbele yao kwamba amemkosea Mungu na amemkosea fulani. Kama ni mali, awape warithi.

Kwa nini kumi? Kaburi halijibu, na Mungu anajua bila kuambiwa. Watu wale wanahitajika kwa sababu ya huyu aliyebaki, asiachwe peke yake na kosa lake.

Riwaya za nyumba zenye mizimu zinaonyesha yanayompata anayeachwa hivyo. Katika The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson (1959), Eleanor Vance amemuuguza mama yake kwa miaka 11. Usiku mmoja mama aligonga ukuta kumwita, Eleanor hakwenda. Na hata yeye hana hakika kama hakusikia, au alisikia akalala tena. Baada ya kifo cha mama anakwenda Hill House, na kishindo kinachoanza kugonga milango ya nyumba hiyo usiku ni kilekile anachokikimbia. Anamwambia Theodora, mgeni mwenzake katika nyumba hiyo, kwamba kifo cha mama ni kosa lake, anaomba waende wakaishi pamoja, anakataliwa. Mwishowe wenzake wanamwamuru aondoke. Analigongesha gari kwenye mti.

Toni Morrison alilipeleka jambo hili mbali zaidi katika Beloved (1987). Chanzo chake ni Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856, na alipozingirwa akamuua bintiye mdogo asirudishwe utumwani. Katika riwaya, Sethe ametenda hilohilo, na marehemu anarudi nyumbani akiwa msichana mzima aitwaye Beloved. Sethe anaeleza, anaomba radhi, anampa chakula chake mwenyewe hadi anakonda; kila akilipa, deni linakua. Anayeivunja hali hiyo ni Denver, bintiye mwenye umri wa miaka 18, anayethubutu kutoka nje ya uzio kuomba msaada. Majirani waliokuwa wameisusa nyumba hiyo kwa miaka mingi wanaanza kuleta vyakula. Kisha wanawake 30 wanakuja kuomba na kuimba mlangoni, na yule aliyerudi anatoweka.

Hawakumsamehe Sethe kwa niaba ya mtoto. Haki hiyo hawana. Beloved anaondoka bila kutamka neno la msamaha. Walichoweza ni kusimama pale na kulijua kosa lote bila kumkimbia mwenye nalo, jambo ambalo Eleanor hakulipata kwa yeyote.

Vijana wetu waliofiwa huambiwa wajikaze, na wakithubutu kusema wanajuta hunyamazishwa haraka kwa wema: usiseme hivyo, ilikuwa kazi ya Mungu. Faraja hiyo inamfungia kijana majuto ndani. Arobaini ikishapita na turubai limeshushwa, mtu mzima anayempenda kijana huyo aketi naye, amuulize ni lipi alilotaka kumwambia marehemu, kisha amsikilize mpaka mwisho, hata jibu likiwa la kutisha.