Sindano ya Nne

Mke wangu ana mimba ya wiki 33, na presha imepanda. Daktari ataanzisha uchungu kwa dawa. Mimi, mtu wa hesabu za biashara, nikauliza: na mapafu ya mtoto je? Akaandika sindano nne za deksamethasoni, moja kila baada ya saa 12, zisaidie mapafu kukomaa.

Nilisita. Pasta akikubali sindano, imani iko wapi? Mke wangu akasema, “Baba Neema, wewe omba, mimi nidungwe.”

Nilisoma Mwanzo 2:7, Mungu akimpulizia Adamu pumzi, nikalia pale kwenye benchi la wodi. Sindano ya nne amedungwa alfajiri hii. Tunangoja uchungu. Mtuombee.