Ardhi Haitaji Jina

Wakimbizi tukikaa kuzungumza habari za nyumbani, mazungumzo hayakawii kufika kwenye swali moja: nani alitangulia? Nani alimkuta mwenzake pale mlimani? Kwetu Kivu swali hilo limeshaua watu, kwa hiyo si la mchezo. Nimeamua kulijibu kwa kupitia mbali kidogo, kwenye uwanda wa Tavoliere kusini mwa Italia, maana huko ardhi yenyewe imeshatoa ushahidi.

Mwaka 1943, vita vya pili vya dunia vikiendelea, majeshi ya Uingereza yaliteka viwanja vya ndege karibu na mji wa Foggia. Ndege za upelelezi zikawa zinapiga picha kutoka angani. Mmoja wa maofisa waliozitazama picha hizo alikuwa Mwingereza aitwaye John Bradford. Kazi ya jeshi ilikuwa kumtafuta adui. Lakini mwaka 1945 Bradford aliona kitu kingine: mashamba yamechorwa miviringo mikubwa, na ndani yake mingine midogo. Kumbe vilikuwa vijiji vya wakulima wa zaidi ya miaka 7000 iliyopita, vilivyozungushiwa mahandaki. Yeye na wenzake waliona vijiji kama hivyo zaidi ya 200.

Inawezekanaje handaki lililofukiwa kabla watu hawajajua chuma lionekane leo? Yeyote aliyewahi kupanda mahindi juu ya shimo la takataka la zamani anajua jibu. Pale udongo ni mwingi na unashika maji. Jua likikaza, mahindi ya pembeni yanajikunja majani, ya juu ya shimo yanabaki kijani na kurefuka. Juu ya msingi wa ukuta uliofukiwa mambo ni kinyume: mizizi haina pa kupita, mmea unadumaa na kugeuka njano mapema. Ukisimama chini shambani huoni kitu cha maana. Ukiwa juu, unaona ramani. Na alama hizo hujitokeza zaidi mwaka wa ukame.

Hapo ninapata jambo la kwanza. Mtu anayetaka kuchukua ardhi ya wengine hupenda kusema, "Hapa palikuwa pori tu, hapakuwa na mtu." Tavoliere inatufundisha tusikubali maneno hayo upesi. Jembe likishaingia ardhini, jasho la mtu halifutiki kirahisi hivyo. Anaweza kuondoka, nyumba ikaanguka, lugha yake ikasahaulika, na bado ngano ya mtu mwingine ikaonyesha alipochimba.

Lakini kuna jambo la pili, na hili wengi wetu hatulipendi. Kwenye uwanda huohuo Bradford aliona pia viwanja vya mraba ambavyo Warumi waligawiana, na mistari ya mashimo yao ya mizabibu na mizeituni. Baadaye, kuanzia mwaka 1447, ufalme wa Naples uliufanya uwanda huo kuwa malisho ya kondoo wakati wa baridi, na wakulima wakabanwa. Halafu ngano ikarudi. Sasa niambie, ndugu msomaji, Tavoliere ni ya nani? Handaki la kwanza kabisa halina jina la ukoo, halina kabila.

Tusidhani hayo ni ya Ulaya tu. Hapa Tanzania, huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna mashamba ya zamani yaliyopangwa kwa mawe, yenye mifereji ya kuleta maji. Watu walilima pale kwa karne kadhaa, kisha wakaondoka. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana walikuwa akina nani. Kazi yao ipo, jina lao halipo.

Rafiki yangu mmoja alinipinga vikali. Alisema, "Wewe unatuvua nguo. Kama alama haitaji jina, mimi nitarudishiwaje shamba langu?" Nikamwambia: haki yako haitoki huko. Baba yangu hakuwa na haki ya shamba lake la Fizi eti kwa sababu babu wa babu zake walifika kabla ya wengine. Alikuwa nayo kwa sababu alilima pale, majirani waliijua mipaka yake, na tukatolewa kwa bunduki. Mashahidi wa hayo ni watu walio hai. Ukiuhamisha ushahidi wako miaka elfu nyuma, jiandae, maana jirani yako naye atachimba, na chini ya handaki lako atakuta handaki lingine.

Hili kwangu si la kinadharia. Kwa simu nimesikia kwamba shamba letu sasa linalimwa na familia nyingine, nayo ilikimbia kutoka mlima wake. Wamepanda mihogo pale pale tulipopanda. Siwezi kusema hawana haki yoyote, wala siwezi kusema sisi hatuna. Ninachokataa ni wao kuambiwa hapakuwa na mtu, na mimi kuwaambia kwamba nilitangulia kwa hiyo waondoke na watoto wao usiku.

Tunaporudi, kama tutarudi, naona swali la kwanza tuwaulize wazee wa pande zote mbili mbele ya watu: nani alilima hapa, nani alifukuzwa, na nani hana pengine pa kwenda? Majibu hayo matatu hayatalingana. Kuyapatanisha ni kazi ngumu ya wiki nyingi chini ya mti, na lazima watu wote watatu wawepo. Swali la nani alitangulia tuliache kwanza, hata kama kuna wenzetu watakaokasirika.