Kibali cha Kukata Mti

Je, aliyerithi pori la babu yake ana haki ya kulifyeka bila kumwomba yeyote? Watu wa Shinyanga wamelijua swali hili kwa uchungu. Zama za utawala wa Waingereza serikali yenyewe iliamuru mapori yafyekwe ili mbung'o wakose makazi; kisha mashamba ya pamba yakaenea, hata kuni zikawa za kufuatwa mbali. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao ukawahimiza wananchi wafufue ngitili, malisho yafungwayo ili yaote upya. Tusimcheke mzee aliyestaajabu: jana shoka lilikuwa amri, leo lataka ruhusa!

Hata hivyo ngitili zilirudi, na kwa sehemu kubwa ni kwa sababu mkatazaji hakuwa karani wa mbali. Dagashida, baraza la wenyeji, ndilo lililomtoza faini mvunja kanuni, awe jirani au ndugu. Kukatazwa na mtu atakayekosa kuni pamoja nawe si sawa na kukatazwa na muhuri. Hapo ndipo sisi tuonapo uzito wa kibali, ingawa mjane asiye na kuni jioni hii angali na haki ya kuuliza ni nani aliyemsemea baraza lilipokaa.