Inchi Nne za Mkopo

Kijana huyu aliendesha magari ya watu kwa miaka mingi kabla hajapata la kwake. Alipolipata, mkonga (Land Cruiser) wenye injini ya 1HZ, uliorefushwa fremu na kutengenezewa paa la kuinuka kama ilivyo kawaida ya Arusha, alilipata kwa mkopo, na mkopo hauna subira. Msimu mkubwa ni Juni mpaka Oktoba. Kampuni zinazokodi magari ya watu binafsi huita kwanza yale zinayoyakumbuka, naye akaamua la kwake likumbukwe kwa kimo.

Picha zilizomtia wazimu zilikuwa za Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa kuulinda msitu wa Aberdare. Magari yale yako juu kweli, na tairi zake zinamfika mtoto kifuani. Ila kazi yake ni ya siku moja: saa 10 za kupita kwenye vituo 13, na anayeshinda ni aliyevifikia kwa kukata njia fupi kuliko wote, porini, mabondeni, kwenye mawe. Hakuna aliyelipia kiti humo ndani. Gari la watalii hutoka Arusha likiwa limebeba watu 7, mabegi, friji, maji, tairi mbili za akiba na tangi la ziada la dizeli, kisha kesho yake hutoka tena. Haya ni magari mawili tofauti hata kama yote yametoka kiwanda kimoja.

Alianzia kwa fundi mzee wa Unga Limited, mtu wa springi tangu enzi za Land Rover.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari lina shida gani?"

"Halina shida, mzee. Nataka kulinyanyua inchi 4."

"Unabeba nini?"

"Wageni."

"Nimekuuliza unabeba nini, sikukuuliza unambeba nani. Likijaa lina kilo ngapi?"

Hakujua. Mzee akamwambia akajue kwanza, halafu arudi waongee. Kijana akaona anazungushwa. Jioni ile ile alishaagiza seti kwa muuzaji mwingine, akaipeleka gereji nyingine ambako hakuulizwa kitu. Ndani ya boksi mlikuwa na koili ndefu za mbele, jani moja moja la kuongeza kwenye springi za nyuma, na shakeli ndefu. Hamkuwa na shokapu. Hamkuwa na bushi wala mipira ya breki. Juu ya boksi inchi ziliandikwa kwa herufi kubwa. Kilo hazikuandikwa popote.

Hapa inafaa kueleza kitu ambacho wauzaji wengi hukipita haraka. Springi hainyanyui gari lote. Inanyanyua bodi na fremu. Ekseli na difu hubaki pale pale zilipokuwa, kwa sababu zimekalia magurudumu. Jiwe lililokuwa linagonga difu litaendelea kuligonga. Kinachopandisha difu ni tairi, nayo hupandisha kwa nusu tu: tairi iliyozidi inchi 2 kwa kipenyo huliinua difu inchi 1. Anayekwama kwenye udongo mweusi wa Ndutu wakati wa masika hasaidiwi na koili ndefu; anasaidiwa na tairi, upepo uliopunguzwa na koleo. Kwa nini basi watu hubadilisha springi? Kwa sababu gari lililojaa hukaa chini, na likikaa chini springi hukosa nafasi ya kucheza, kila shimo likawa kishindo cha chuma kwa chuma. Springi nzuri hulirudisha gari kwenye kimo chake likiwa na mzigo, na kuongeza kidogo. Ndiyo maana mzee aliuliza kilo.

Siku gari lilipotoka gereji lilipendeza, kusema haki. Lilikuwa tupu. Liliegeshwa Njiro, watu wakalipiga picha.

Safari ya kwanza ilianza kumfundisha kabla hajafika Makuyuni. Lori lilipompita, upepo wake ulilisukuma gari, na alipolirudisha usukani haukujinyoosha. Ilibidi aurudishe kwa mikono, kisha auzuie upande wa pili. Mkonga wa kuanzia mwaka 1999 una koili mbele, na ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili inayotoka kwenye fremu. Ukiinua fremu, mikono ile inainama, na ikiinama inaizungusha ekseli yenyewe. Ule mwinamo wa kurudi nyuma ambao mafundi wanauita kasta unapungua. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala kumwelekea mwendeshaji: ndio unaomwezesha kuachia mikono na gurudumu likaendelea kwenda mbele. Usimamishe wima uone. Inchi 4 bila bushi za kurekebisha kasta ni kuusimamisha uma huo kwenye gari la tani tatu.

Tena kuna fito inayotoka fremu upande mmoja kwenda ekseli upande wa pili, kazi yake kuizuia ekseli isihame kulia au kushoto. Gari likipanda, fito inazidi kulala mshazari na kuivuta ekseli upande mmoja. Gari lake lilikuwa linakwenda kiubavu kidogo. Aliyekuwa nyuma yake aliona. Yeye aliyekaa mbele hakuona. Na kwenye lami iliyonyooka, kila alipofika 80, propela ilikuwa inatetema chini ya miguu ya abiria, kwani zile shakeli ndefu za nyuma zilikuwa zimeipindisha pembe ya difu. Wageni waliuliza huo mngurumo ni wa nini. Akawaambia barabara.

Kuanzia kule chini ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro mpaka lango la Naabi barabara ni ya vumbi yenye mawimbi madogo yasiyokwisha. Madereva huwachekesha wageni kwamba hiyo ni masaji ya Kiafrika, ya bure. Kwa shokapu hakuna cha kuchekesha. Springi hupokea kishindo, lakini haijui kunyamaza. Peke yake ingeendelea kupanda na kushuka. Shokapu ndiyo inayoinyamazisha, kwa kuyalazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo, na nguvu yote ya kishindo inageuka kuwa joto. Mawimbi ya aina ile hayaipi nafasi ya kupoa. Mafuta yakichemka yanafanya povu, povu halina ukinzani, na gari linabaki na springi tupu. Ndiyo sababu shokapu za kazi hujazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo: hupunguza lile povu.

Zake zilikuwa za kiwandani, na fupi. Hili ndilo kosa ninaloliona baya kuliko yote, maana linafanyika kwa kubana matumizi na linaonekana dogo. Gari lilishainuliwa sentimita 10. Shokapu ikawa imenyooka karibu mwisho wake hata gari likiwa limesimama. Gurudumu likitumbukia shimoni, ekseli inashuka mpaka shokapu inakwama, na tangu hapo ni shokapu inayoning'iniza ekseli nzima. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Karibu na Naabi jicho la juu la shokapu ya nyuma kushoto lilikatika. Akalifunga kwa mpira wa tairi, akaendelea. Huko nyuma, lile jani la ziada lilikuwa limeifanya springi kuwa ngumu kuliko mzigo aliobeba, na abiria wa kiti cha mwisho alisafiri akiwa ameshikilia paa kwa mikono miwili.

Ndani ya hifadhi ya Serengeti mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mwendo huo ulimficha. Siku tatu zilipita bila jambo kubwa. Gari lilikuwa juu, wageni walipiga picha za simba bila kuzuiwa na majani, na yeye akaanza kujiambia kwamba wazee wanapenda kutisha watu.

Aliporudi kwenye ukingo wa kreta alikuwa na ratiba ya kuteremka kesho yake kwa njia ya Seneto. Wageni wanaijua kreta kwa wanyama. Madereva wanaijua kwa ule mteremko, kama mita 600 kutoka ukingoni mpaka chini. Asubuhi, wakati wa kuwasha gari, pedali ya breki ilishuka zaidi ya kawaida. Dereva mwenzake aliyekuwa anajaza maji alichungulia chini, akaona doa jeusi kwenye vumbi nyuma ya gurudumu. Mpira wa breki unaotoka fremu kwenda ekseli ya nyuma ulikuwa umevutwa kama kamba kwa safari nzima, ukachanika pale unapoingia kwenye chuma chake. Gereji ile iliinua fremu na kuuacha mpira na urefu wake wa zamani.

Kulikuwa na jingine ambalo lisingeonekana kwa macho. Magari mengi ya aina hii yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fito ndogo. Vali hiyo hupima mzigo kwa kimo: fremu ikiwa karibu na ekseli, inajua gari limejaa na inaruhusu breki ya nyuma kwa nguvu, ikiwa mbali, inajua ni tupu na inaipunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Fremu yake ilikuwa mbali muda wote. Gari lenye watu saba lilikuwa linaiambia vali yake kwamba halina mtu, na siku zote alikuwa akifunga breki za mbele peke yake, au karibu na hivyo.

Wageni walihamishiwa gari jingine. Kampuni ikakata gharama kwenye malipo yake, na msimu ule haikumpigia tena. Mkopo ukaendelea kudai kila mwisho wa mwezi.

Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Mzee hakumsimanga, ingawa wapo wanaodai alicheka kidogo. Alimwambia ajaze gari kama anaondoka kesho: matangi yote mawili, friji ikiwa na maji, tairi za akiba, na vijana saba wa gereji wakae kwenye viti. Wakaenda mizani. Ekseli ya mbele ikapimwa peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Vijana wakashuka, mzigo ukateremshwa, likapimwa tupu. Tofauti ya namba hizo mbili, kwa kila ekseli, ndiyo springi inayotafutwa. Watengenezaji makini huuza springi moja ya gari moja kwa madaraja ya mzigo: ya gari lisilobeba kitu, ya mzigo wa kati, ya mzigo mzito wa kila siku. Ukichukua ya mzigo mzito ukatembea bila mzigo, utarushwa. Ukichukua nyepesi, gari litakaa kama limechuchumaa. Wengine hushindwa hapo hapo kwa kuchagua daraja la siku wanazozitamani badala ya siku walizonazo.

Alimchagulia springi za kuinua milimita 50 hivi likiwa na mzigo. Shokapu za gesi za urefu uleule. Bushi za kasta. Fito ya ekseli inayorekebishika. Mipira ya breki mirefu, na kipande cha kurekebisha mkono wa ile vali. Shakeli ndefu zikatupwa.

Kijana bado alilalamikia kimo. Mzee akachukua msumari, akamchorea hesabu kwenye sakafu. Tuseme magurudumu yameachana mita 1.5, na kitovu cha uzito kiko sentimita 80 kutoka ardhini. Gawa nusu ya upana kwa kimo, unapata 0.94. Hiyo ndiyo sehemu ya uzito wa gari lenyewe inayotosha kulisukuma kiubavu mpaka lipinduke. Inua fremu inchi 4. Kitovu kitapanda kama sentimita 8, kwani ekseli zinabaki chini. Sasa ni 0.85. Bado hujaweka mabegi juu ya paa, bado wageni hawajasimama kutazama twiga, bado hujakutana na kona yenye changarawe. Alitumia namba za mfano tu, lakini kijana alizitazama muda mrefu.

Hayo ni ya mkonga; mwenye Prado ana mpaka mwingine. Mbele kule hakuna ekseli nzima. Kila gurudumu lina shafti yake, na ukizidisha kama inchi 2 shafti zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inachanika, vumbi linaingia kwenye sivi, na muda si mrefu utaisikia ikigonga kila unapokata kona. Vispesa vya bei rahisi vinavyowekwa juu ya koili huuzwa sana kwa magari hayo. Vinainua, ndiyo. Springi iliyochoka inabaki imechoka vilevile.

Kazi ya gari la kijana ilichukua siku mbili, kwa sababu mzee hakukubali kukaza bushi za mpira gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa hivyo, gari likishushwa mpira unakuwa umesokotwa siku zote, na unakatika mapema. Alilishusha likakaa kwa miguu yake, akalitikisa, ndipo akakaza. Taa za mbele zikashushwa nazo, ili wanaokuja usiku wasilaani. Kisha akamwambia arudi baada ya kilomita 500, maana springi mpya hulala kidogo na yubolti hulegea.

Alirudi akiwa na kilomita 600 na kitu. Mbili kati ya yubolti za nyuma zilikubali kuzunguka karibu nusu duara kabla hazijashika. Mzee alimtoza fedha ya kukaza, akakataa kupunguza, akaandika uzito wa kila ekseli kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa dereva.