Filamu isiyoeleweka na hukumu zetu za haraka

Ndugu msomaji, kuna maneno mawili ambayo siku hizi tunayatumia kana kwamba yana maana moja, ilhali yako mbalimbali kama mbingu na ardhi. La kwanza ni "sijaelewa", na la pili ni "hakina maana". Anayesema la kwanza anatoa habari ya nafsi yake. Anayesema la pili anatoa hukumu juu ya kitu, na hukumu, kama tunavyofundishwa katika dini yetu, inahitaji ushahidi. Makala hii inahusu umbali ulioko kati ya maneno hayo mawili, na madhara yanayopatikana pale mtu anapovuka kutoka moja kwenda jingine bila kutazama kushoto wala kulia.

Kilichonisukuma kuandika ni filamu. Mwaka 2016 nchini Kenya ilitoka filamu iitwayo Kati Kati, iliyoongozwa na Mbithi Masya, ambaye kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa muziki wa kundi la Just a Band. Si filamu ndefu, haifiki hata saa moja na nusu. Binti aitwaye Kaleche, ambaye nafasi yake imechezwa na Nyokabi Gethaiga, anajikuta katikati ya nyika akiwa amevaa gauni la hospitali. Hajui ametoka wapi wala amefikaje. Mbele yake anaona nyumba za kulala wageni, na huko anawakuta watu wanaompokea. Mmoja wao, Thoma, anampa habari nzito: yeye amekwishakufa, na wao wote pale ni wafu. Kaleche hakumbuki maisha yake wala kifo chake. Wamekwama pale, si duniani wala ng'ambo ya pili, na ndiyo sababu ya jina la filamu yenyewe.

Filamu hiyo ilipooneshwa katika tamasha la Toronto, Canada, mwaka huo huo wa 2016, ilipata tuzo ya shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu. Baadaye Kenya iliipeleka Marekani kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Basi hiyo si filamu ya kubezwa. Lakini tuzo ya wahakiki ni jambo moja, na mtazamaji wa kawaida aliyeketi juu ya mkeka baada ya swala ya Isha ni jambo jingine.

Hapa kwetu Terrat, pembezoni mwa Jiji la Arusha, vijana wa mtaani waliitazama wakiwa kama kumi na mbili hivi, nami nikiwa miongoni mwao. Wako waendesha bodaboda, mafundi, mwanafunzi wa chuo na wawili niliowafundisha sekondari. Ilipokwisha, chumba kiligawanyika. Mmoja alisema: "Ustadhi, nimekaa hapa usiku huu wote kumbe hakuna kitu! Huyu binti anataka nini? Adui yake nani?" Wa pili alidai ameona alama za siri, na kwamba filamu zisizoeleweka zote zinatengenezwa na Freemason kuharibu itikadi za watu. Yule wa chuo akacheka, akasema tatizo si filamu, tatizo ni watu ambao hawakusoma. Hapo mazungumzo yakawa si ya filamu tena, yakawa ya nani ana akili na nani hana, na kidogo watu waachane kwa ubaya.

Sitaingia hapa katika mjadala wa hukumu ya kutazama filamu, kwani wanazuoni wameusemea vya kutosha. Swali langu ni hili: yatupasa tufanye nini mbele ya kitu tusichokielewa? Maana makundi matatu yaliyojitokeza katika chumba kile ni makundi ya jamii yetu nzima.

Tuanze na yule aliyesema hakuna kitu. Mimi simlaumu sana. Wengi wetu tumekulia katika mabanda ya video, ambako filamu ya Kichina au ya Kihindi ilikuwa na mtu wa kuitafsiri. Utaratibu huo ulishamiri Uganda, na hapa Tanzania ukawa na mabingwa wake, mashuhuri kati yao akiwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa aina hiyo hakutafsiri maneno tu. Alimweleza mtazamaji nani mwema na nani mbaya, kwa nini huyu analia, na nini kitatokea. Palipokuwa na pengo alilijaza yeye, hata kwa kutunga. Mtu aliyezoea kufunguliwa kila mlango, siku akiachwa mbele ya mlango uliofungwa ataona amedhulumiwa.

Tena ana haki yake. Msanii naye ana amana. Si kila kigumu ni kirefu, na wako wanaovuruga hadithi kwa sababu hawakujua namna ya kuimaliza, kisha wakaita uvivu wao falsafa. Tumeyaona haya hata katika fasihi yetu. Marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyo na vina wala mizani, alizua ubishi mkubwa kati ya watetezi wa ushairi wa jadi na wale waliotaka mabadiliko. Alipokuja na Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya zinazokwenda kama ndoto, wako wasomi waliozisifu na wako wasomaji waliouliza: haya yameandikwa kwa ajili ya nani? Swali hilo ni halali. Anayeandika kwa Kiswahili na kuwafungia mlango Waswahili anapaswa kulijibu.

Lakini haki ya kuuliza haikupi haki ya kuhukumu kabla hujauliza. Yule kijana alipotulia nilimwomba asiniambie maana ya filamu, anitajie tu alichokiona. Akataja binti asiyejikumbuka, watu wanaocheka na kula pamoja huku kila mmoja ana jambo asilotaka kulitazama, na hofu ya kuondoka mahali ambapo si pazuri ila pamezoeleka. Nikamuuliza: "Hicho ndicho ulichokiita hakuna kitu?" Alinyamaza, kisha akasema kuwa hapo kweli kuna kitu, ila bado hajakipenda. Hilo ni jibu la kiungwana kabisa. Mtu anaweza kuelewa na asipende, au akapenda na asielewe.

Kundi la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Hawa hawavumilii pengo hata dakika moja. Kisichoeleweka lazima kina mkono wa mtu nyuma yake, na mkono huo lazima ni mbaya. Kati ya mwaka 2011 na 2012 mitaa yetu ilijaa habari za Freemason: kila aliyetajirika, kila aliyekufa ghafla, kila aliyevaa pete ya ajabu, maelezo yalikuwa hayo hayo. Mtu akiuliza ushahidi uko wapi, anaambiwa kwamba kukosekana kwake ndio ushahidi, maana hao watu ni wasiri!

Ndugu msomaji anaweza kusema hayo ni maneno ya vijiweni tu, hayamdhuru mtu. La hasha. Mwaka 1995, kule Pemba na kisha Unguja, ilizuka hofu ya Popobawa. Watu walikesha nje ya nyumba zao wakiwa wamekusanyika, wakiogopa kitu ambacho hakuna aliyeweza kukieleza. Sina haja ya kuwacheka, kwani hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini katika hofu ile, pale mjini Zanzibar, mtu mgonjwa wa akili alidhaniwa ndiye Popobawa, akapigwa na umati hadi akafa. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa mgeni, na mwenendo wake haukueleweka. Umati ulikuwa na fumbo lisilo na jibu, na yeye akafanywa kuwa jibu.

Hii ndiyo sababu Qur'an Tukufu, katika Surat al-Hujurat, inatukataza kufuata dhana nyingi na kutufahamisha kwamba katika dhana kuna iliyo dhambi. Na katika Surat al-Israa tunakatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, na kukumbushwa kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Mwenye kuzoea kumtuhumu mtengeneza filamu asiyemjua kwa sababu tu hakumwelewa, anajizoeza kumtuhumu jirani. Leo ni filamu, kesho ni bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Kundi la tatu ni la wanaojua. Au tuseme wanaodai kujua, kwani yule kijana wa chuo nilipomtaka atueleze, alitoa maneno mengi makubwa ambayo yalikuwa magumu kuliko filamu yenyewe. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na watu wa namna hii huishika methali hiyo kama fimbo ya kuwapigia wenzao. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Anayeitumia filamu ngumu ili awatazame wenzake kwa juu amepata hasara, hata kama ameielewa yote.

Kinyume chake ni mwenendo wa wanazuoni wakubwa. Imam Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 179 Hijria, anasimuliwa kwamba aliulizwa maswali mengi kwa mkupuo, na katika sehemu kubwa ya maswali hayo akajibu kuwa hajui. Watu walikuwa wamesafiri mbali kumfuata. Hakuona aibu, wala daraja yake haikushuka.

Sasa tutazame kisa kinachotufaa wote, cha Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema katika Surat al-Kahf, ambaye hadithi zinamtaja kwa jina la Khidhri. Jahazi linatobolewa, kijana anauawa, ukuta katika mji wa watu wachoyo unajengwa bure. Kila mara Musa anapinga, na kila mara anakumbushwa sharti la subira. Tukumbuke kwamba Musa hakupinga kwa ujinga. Alipinga kwa sababu alichokiona kwa macho kilikuwa kibaya kwa kipimo alichopewa. Wala hakumwita mwenzake mchawi, wala hakujifanya ameelewa. Aliuliza, na mwishowe akaelezwa.

Hapa pana tofauti ambayo lazima niiseme, nisije nikaeleweka vibaya. Mtengeneza filamu si Khidhri, na hatuna deni la kumnyamazia. Tunaweza kumhoji na kumkosoa, hata kuizima kazi yake katikati. Ninachokichukua katika kisa kile ni adabu ya muulizaji: kwamba kati ya kuona na kuhukumu pawe na nafasi, na nafasi hiyo ijazwe kwa swali badala ya tuhuma.

Na kwa upande wa itikadi, hoja ya yule kijana wa pili isitupwe yote. Muislamu akiitazama Kati Kati atafikiri habari ya barzakh, ambayo Surat al-Mu'minun inaitaja kuwa ni kizuizi hadi siku ya kufufuliwa. Katika filamu, wafu bado wanahangaika kupatana na waliyoyatenda. Sisi tumefundishwa kwamba mtu akifa amali yake hukatika, isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kwa hiyo anayeichukua filamu ile kama somo la akhera amepotea njia. Lakini anayetoka pale akijiuliza ni jambo gani analolikimbia leo, angali hai na mlango wa toba uko wazi, huyo hajapoteza usiku wake. Kukosoa kwa namna hiyo, kwa kutaja jambo na dalili yake, ndiko tunakokuhitaji, nako hakuhitaji Freemason.

Kama mwalimu, naliona tatizo hili likianzia darasani. Tunawalea watoto kwa mitihani ambayo kila swali lina jibu moja na kila nafasi tupu ni sifuri. Mwanafunzi anajifunza mapema kwamba kuandika uongo ni afadhali kuliko kuacha wazi, kwa sababu uongo huenda ukaokota alama. Mtoto huyo akikua akawa daktari, mgonjwa atapewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Akikaa kwenye mimbari, atatoa fatwa ya jambo asilolijua, na familia itavunjika kwa neno lake. Hakuna kati ya hao aliyeanza kwa nia mbaya. Walizoeshwa kuona "sijui" ni fedheha.

Darasani kwangu sasa mwanafunzi akisema hajui, namtaka aongeze jambo moja: hajui nini hasa? Wengi hugundua kwamba wanajua nusu, na kinachowasumbua ni sehemu ndogo tu. Wazazi nao wanaweza kulifanya hili nyumbani bila gharama yoyote. Mtoto akitoka kutazama au kusoma kitu kilichomchanganya, asiharakishiwe maana, na wala asichekwe. Aulizwe ameona nini na amekwama wapi. Na mzazi asipojua, aseme hajui, mtoto asikie.

Vijana wa Terrat bado hawajakubaliana juu ya Kaleche, na sioni ulazima wa kukubaliana. Ninachowaomba, nao na wasomaji wa safu hii, ni kwamba tutakapokutana tena na kisichoeleweka, kiwe filamu, kitabu, au mgeni anayepita mtaani usiku akizungumza peke yake, tuulize kwanza.

Wallahu a'alam.